Petroli Imekwama Wapi?

(Haya ni mazungumzo ya fundi mmoja wa magari kwa madereva, matingo na wanakikundi wa kijiji kinachotumia Land Rover ya zamani ya petroli. Tumeyaandika kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa nizungumze juu ya gari linalozimazima njiani. Sitazungumza juu ya kila ugonjwa wa gari, maana tutakesha hapa. Nitasema juu ya ugonjwa mmoja tu: petroli haifiki inapotakiwa. Na nitasema juu ya magari ya zamani yenye kabureta, hasa Land Rover za petroli kama hii yenu. Magari mapya ya siku hizi yana pampu ya umeme ndani ya tangi, na kompyuta ndiyo inayopima petroli. Hayo yana mafundi wake. Gari la zamani halina siri nyingi. Mtu mwenye macho, masikio, pua na spana mbili tatu anaweza kujua petroli imekwama wapi.

Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Ile inayoitwa Series III, ambayo wengi wenu ndiyo mnayoijua, ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 mpaka 1985. Kwa hiyo hata ile changa kabisa ina miaka 40 hivi. Ni mtu mzima huyo. Mipira yake imezeeka, tangi lake limepata kutu. Likikohoa si ajabu. Ajabu ni namna sisi tunavyolitibu.

Gari likizima, tunakimbilia dukani. Huyu anasema, "Hiyo ni pampu." Basi tunachanga fedha, tunanunua pampu. Gari linakwenda kidogo, linazima tena. Mwingine anasema, "Kumbe ni kabureta." Mbuzi anauzwa, kabureta inanunuliwa. Gari bado linazima. Sasa fedha hamna, na ugonjwa upo palepale. Mimi nawaomba kitu kimoja: msinunue chochote kabla hamjaona kwa macho yenu petroli imekwama wapi.

Nyinyi mnajua habari za maji ya bomba. Maji yakikatika hapa kijijini, hatukimbilii kununua bomba jipya la kufungulia. Tunapanda juu. Tunatazama chanzo, je, kina maji? Tunatazama tangi. Tunafuata bomba kwa miguu mpaka tunaona pale lilipopasuka au lilipoziba. Petroli nayo ifuateni hivyohivyo. Inatoka kwenye tangi. Inapita kwenye bomba jembamba mpaka kwenye pampu, iliyo ubavuni mwa injini. Pampu inaisukuma mpaka kwenye kabureta, yaani kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Kutoka hapo inaingia katika injini na kuungua. Njia ni hiyo tu. Haina mchepuko.

Lakini kwanza tuwe na hakika kwamba tatizo ni petroli. Injini inataka petroli na inataka moto. Moto ninaosema hapa ni ile cheche ya umeme kwenye plagi. Gari likizima ghafla, kama kibatari kilichopulizwa, mara nyingi hiyo ni habari ya umeme. Lakini likianza kuvutavuta, linasita, linapata nguvu kidogo, linasita tena, halafu linakufa polepole kama mtu aliyeishiwa pumzi, hapo shuku petroli. Likikimbia vizuri kwenye tambarare na kuchoka kwenye mlima, hapo shuku petroli zaidi, maana mlima unadai petroli nyingi kuliko tambarare. Njia iliyoziba nusu hutosha kwa tambarare, haitoshi kwa mlima. Ndiyo maana gari linatoka Mombo likiimba, na kabla ya kufika Lushoto linalia.

Gari likikataa kabisa kuwaka, pigeni starta au zungusheni hendeli mara kadhaa, halafu fungueni plagi moja. Itazameni na kuinusa. Ikiwa kavu, haina hata harufu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, na labda inafika nyingi kupita kiasi. Kipimo hiki hakina gharama. Mkitaka kutazama moto wa plagi, utazameni sasa, kabla hamjafungua bomba lolote la petroli. Cheche na petroli visikutane nje ya injini.

Hapo naomba nisimame kidogo, maana hili ni la uhai wa watu.

Petroli sio mafuta ya taa. Ukimwaga mafuta ya taa chini na kurusha kijiti cha kibiriti, huenda kijiti kikazimika. Petroli haingojei kijiti kifike. Inayowaka ni mvuke wake, na mvuke huo huonekani. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoki juu kama moshi, bali unatambaa chini kama maji. Unaweza kufungua bomba hapa, na mama anayepika chai pale mteremkoni, hatua nyingi kutoka hapa, jiko lake likauwasha mvuke ukarudi mpaka kwenye gari. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu wakakimbilia kuchota petroli. Ikalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wengi wao walikuwa wamekwenda kuchota petroli tu.

Basi mkitaka kufungua bomba la petroli, gari lipoe. Liwe mahali penye upepo. Sigara hamna, kibatari hamna, jiko liwe mbali na upande wa juu. Toeni waya wa betri. Wekeni mchanga au udongo mkavu karibu. Msimwagie maji petroli inayowaka, kwa sababu petroli huelea juu ya maji na kutembea nayo. Na ile tabia ya kuvuta petroli kwa mpira mdomoni, acheni. Ikishuka kwenye mapafu inaua. Halafu msiiweke katika chupa ya soda, watoto huinywa. Nimesema mengi hapa, lakini hayo siyo ya kuruka.

Haya, tuanze safari yetu kwenye tangi.

Jambo la kwanza, je, petroli imo? Msicheke. Saa ya petroli kwenye gari la miaka 40 ni kama mzee aliyesahau umri wake, inataja namba yoyote. Chukueni kijiti kirefu, kikavu na safi, kitieni ndani ya tangi, kitoeni, mtazame kimelowa mpaka wapi. Kila asubuhi. Dereva anayepima kwa kijiti hatembei kwa kubahatisha.

Jambo la pili ni kifuniko cha tangi. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu hawakishuku.

Kijiji kimoja cha milimani waliniita. Kikundi chao cha wakulima wa mboga kina Land Rover. Gari lilikuwa linakwenda vizuri kama nusu saa, halafu linazima. Wakipumzika robo saa, linawaka, linakwenda tena, linazima tena. Walikuwa wameshanunua pampu mpya. Walikuwa wameshanunua na kabureta, si mpya lakini ya bei. Juma lile lililotangulia, gari lilikuwa limezima na mama mjamzito ndani, usiku, akapelekwa kituo cha afya kwa machela. Alifika, akajifungua salama, yeye na mtoto. Lakini watu walikuwa wamekasirika, wengine wanasema gari liuzwe kama chuma chakavu.

Nikawaambia, twendeni nalo mpaka lizime. Lilipozima sikufungua boneti. Nilikwenda kwenye kifuniko cha tangi. Kile cha asili kilikuwa kimepotea. Walikuwa wametengeneza kingine cha bati, wakaweka chini yake mpira wa tyubu, wakakaza kwa waya kweli kweli. Nilipokilegeza, tangi likavuta pumzi: fyuuu! Kila mtu alisikia. Gari likawaka.

Mnajua kopo la maziwa? Ukilitoboa tundu moja tu, maziwa yanatoka kwa shida, halafu yanagoma. Toboa la pili upande wa pili, yanatiririka. Tundu la pili si la maziwa, ni la hewa. Tangi nalo ni hivyohivyo. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kifuniko cha asili kina kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Kikizibwa na matope, au mtu akitengeneza kifuniko kisichopumua, pampu inavuta na tangi nalo linavuta, mpaka pampu inashindwa. Mkipumzika, hewa inapenya kidogo kidogo, ndiyo sababu gari linawaka tena na kuwadanganya. Kipimo chake ni rahisi: gari likizima, legezeni kifuniko na msikilize. Likiwaka mara baada ya hapo, mmepata ugonjwa. Kikundi kile kilitoboa kitundu kidogo kwenye bati na kwenye mpira wake, kifuniko kikiwa kimetolewa na kupelekwa mbali na gari. Kazi ya dakika tano. Zile fedha za pampu na kabureta hazikurudi.

Wapo pia wanaofanya kinyume. Kifuniko kikipotea wanaziba kwa gunzi la muhindi au kitambaa. Hewa inaingia, sawa, lakini na vumbi linaingia, na maji ya mvua yanaingia, na gunzi lenyewe linamomonyoka. Hali kadhalika lile chujio lililo kwenye mdomo wa kujazia. Land Rover nyingi zina mdomo unaovutwa nje, wenye chujio la waya ndani. Matingo wanalitoboa kwa bisibisi eti petroli iingie upesi. Unaokoa dakika mbili kituoni, unapoteza siku nzima porini.

Uchafu ukiingia, unakaa chini ya tangi. Maji nayo yanakaa chini, maana petroli ni nyepesi kuliko maji. Gari likiwa limesimama, uchafu unatulia. Likianza kurukaruka kwenye makorongo, unatibuka na kwenda kuziba mdomo wa bomba linalonyonya petroli. Gari linazima. Mkisimama, uchafu unadondoka tena chini, njia inafunguka. Tazameni basi: ugonjwa huu unafanana sana na ule wa kifuniko. Namna ya kuutofautisha ni kusikiliza. Kama mmelegeza kifuniko na hamkusikia mvuto wowote, shukuni uchafu.

Fungueni bomba pale linapoingia kwenye pampu. Fungueni na kifuniko cha tangi. Chukueni pampu ya baiskeli, mpulize hewa kurudi nyuma kwenye tangi, na mtu mmoja asikilize kwenye mdomo wa tangi. Akisikia petroli inabubujika bila shida, njia ni wazi. Kama pampu ya baiskeli inakuwa ngumu, halafu ghafla inalegea na petroli inabubujika, basi mmesukuma uchafu. Lakini mmeusukuma kurudi ndani tu, hamjautoa. Utarudi. Dawa yake ni kufungua nati ya chini ya tangi, kumwaga petroli yote kwenye chombo safi cha bati, na kuliosha tangi.

Na hapa niseme kwa sauti. Tangi likitoboka kwa kutu, msilipeleke kwa mtu wa kuchomelea kwa sababu eti halina petroli. Tangi tupu ndilo la hatari zaidi. Lililojaa lina petroli, lililo tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Mafundi wamekufa hivyo. Mkitobokewa njiani na tundu ni dogo, chukueni sabuni ya mche, ya kufulia, mkaisugue na kuikandika kwenye tundu. Petroli haiyeyushi sabuni. Itawafikisha nyumbani. Lakini ni ya kuwafikisha nyumbani tu, siyo ya mwaka mzima.

Tukiondoka kwenye tangi tunafuata bomba. Bomba la chuma mara nyingi halina neno, isipokuwa limebondwa na jiwe. Angalieni mipira inayounganisha. Mpira ukipasuka baada ya pampu, petroli inadondoka na mtaiona. Lakini mpira ukipasuka kabla ya pampu, huenda msione hata tone moja, kwa sababu pale petroli haisukumwi, inanyonywa. Ni kama mrija wenye ufa. Unanyonya soda, unapata hewa. Kwa hiyo pampu inafanya kazi bure, inavuta upepo. Mpira wa namna hiyo ukiupinda utauona una nyufa kama kisigino cha kiangazi. Kama umepasuka nchani tu na una urefu wa kutosha, kateni ile ncha mbovu, mrudishe, mkaze klipu. Mkinunua mwingine, ulizeni mpira wa petroli. Msiweke kipande cha tyubu ya baiskeli. Petroli inakula mpira wa kawaida, unavimba na kulainika, halafu vipande vyake vinakwenda kuziba kabureta.

Sasa tumefika kwenye pampu, ile inayolaumiwa kila siku.

Pampu ya gari hili haitumii umeme. Ndani yake kuna kiwambo, kipande chembamba cha kitambaa na mpira kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Injini ikizunguka, mkono mdogo unakivuta kiwambo chini, petroli inaingia. Springi inakirudisha juu, petroli inatoka kwenda kwenye kabureta. Vali mbili ndogo zinazuia isirudi ilikotoka. Pampu nyingi za Land Rover hizi zina kikombe cha kioo chini. Kikombe hicho ni rafiki yenu. Kinawaonyesha kilichomo bila kufungua kitu. Mkiona vitone vinavyoteleza chini kama shanga za kioo, hayo ni maji. Mkiona unga wa rangi ya kahawia, hiyo ni kutu ya tangi. Fungueni kikombe, mkioshe kwa petroli, mkirudishe taratibu na gasketi yake nzima. Gasketi ikiwa imekatika, hewa itaingia hapo na mtakuwa mmejiletea ugonjwa mpya.

Pembeni ya pampu pana kijimkono cha kupampia kwa kidole. Mkikisukuma na mkisikie kizito kizito, halafu kikalegea baada ya mara kadhaa, maana yake kabureta imejaa. Hiyo ni habari njema. Kama ni kilegevu tangu mwanzo, msikate tamaa upesi. Huenda injini imesimama mahali ambapo inaukandamiza mkono wa pampu. Zungusheni injini mzunguko mmoja kwa hendeli, mjaribu tena.

Kipimo chenyewe cha pampu ni hiki. Toeni ule waya mnene wa katikati unaotoka kwenye koili, ili cheche isipatikane. Fungueni bomba pale linapoingia kwenye kabureta, mlitie kwenye chupa safi. Mmoja azungushe hendeli, mwingine ashike chupa, mbali na betri. Pampu nzima hutema petroli kwa nguvu, tii, halafu inapumzika, halafu tii tena. Inatema mara moja kwa kila mizunguko miwili ya hendeli. Ikitema vizuri, msiiguse. Iacheni pampu ya watu. Ugonjwa uko mbele, kwenye kabureta. Ikitema povu na mapovu ya hewa, rudini nyuma kwenye mipira na gasketi ya kikombe. Ikitoa machozi tu, au isitoe kitu, na mmekwisha hakikisha njia ya kutoka kwenye tangi ni wazi, hapo ndipo pampu yenyewe ina kosa. Hata hapo, fungueni kwanza. Punje moja ya mchanga kwenye vali hutosha kuifanya icheze bure. Na kama ni kiwambo kimechanika, ulizeni dukani kiwambo na vali zake peke yake kabla hamjanunua pampu nzima. Bei haifanani.

Kiwambo kilichochanika kina ubaya mwingine. Petroli inaweza kupita pale penye mchaniko na kushukia kwenye oili ya injini. Kwa hiyo mkishuku pampu, vuteni kijiti cha oili mkinuse. Oili ikiwa imeongezeka bila mtu kuongeza, na inanuka petroli, msiwashe injini tena. Oili imekuwa nyepesi kama maji, haiwezi kulinda beringi. Tengenezeni pampu, mwageni oili yote, wekeni mpya. Mtu anayeona oili imeongezeka akafurahi, atanunua injini.

Joto nalo. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi. Mchana wa jua kali, gari limebeba mzigo na linapanda, chini ya boneti pana joto kuliko hapo. Petroli inageuka mvuke ndani ya bomba, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Gari linazima mkisimama sokoni dakika kumi, halafu linakataa kuwaka. Hakuna kilichoharibika. Fungueni boneti, wekeni kitambaa chenye maji baridi juu ya pampu na bomba lake, ngojeni. Lakini kama hilo linawapata kila siku, tazameni bomba limepita wapi. Mara nyingi mtu alilifungua siku moja, akalirudisha karibu na ekzosi.

Mwisho wa njia ni kabureta. Hapa ndipo mikono inapowasha watu, kila mmoja anataka kuzungusha skrubu. Ngojeni. Kwanza toeni bomba la hewa juu yake, injini ikiwa imezimwa, mchungulie ndani wakati mwenzenu anakanyaga resi. Mkiona petroli inaruka kama mate, kabureta ina petroli. Ikiwa kavu, haina.

Ndani ya kabureta kuna kikombe, na ndani ya kikombe kuna boya, kama boya la wavuvi. Petroli ikijaa, boya linapanda na kusukuma sindano inayofunga mlango. Petroli ikipungua, boya linashuka, mlango unafunguka. Sindano ikinasa imefunga, gari linakosa petroli ingawa pampu ni nzima. Ikinasa imefungua, petroli inafurika, gari linatoa moshi mweusi, plagi zinalowa, na mtasikia harufu. Pigapigeni kabureta polepole kwa mpini wa bisibisi. Mara nyingi sindano inaachia. Boya likiingiwa na petroli linazama, na mafuriko hayaishi. Litoeni, mlitikise sikioni. Likilia chwa chwa, limetoboka. Kama ni la shaba, litumbukizeni kwenye maji ya moto, mbali kabisa na jiko. Pale panapotoka mapovu ndipo lilipotoboka.

Jeti ni vile vitundu vidogo vinavyopima petroli. Uchafu uliopita kote huko huishia hapo. Pulizeni kwa pampu ya baiskeli. Msichokonoe kwa waya. Kitundu kile kimepimwa kiwandani, na mkikipanua kidogo tu, gari litakunywa petroli mpaka liuzwe. Na skrubu ambayo hamjui kazi yake msiiguse. Mkilazimika kuifungua, hesabuni mizunguko na mwandike. Kuandika tunajua sasa, sivyo?

Mama mmoja ameniuliza kama petroli yenyewe inaweza kuwa mbaya. Ndiyo, mama. Wapo wauzaji waliokuwa wakichanganya petroli na mafuta ya taa. Mwaka 2010, EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ilianza kutia alama kwenye mafuta ili udanganyifu huo ujulikane kwa vipimo. Sisi tusio na vipimo tunaweza kudondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe safi, mbali na moto, na kungoja likauke. Petroli safi inaruka na haiachi alama ya mafuta. Yenye mafuta ya taa inaacha doa. Gari lililopewa mchanganyiko huo linakuwa gumu kuwaka asubuhi, linagonga mlimani na kutoa moshi. Likianza hayo mara tu baada ya kujaza mahali fulani, msifungue hata spana moja. Pimeni petroli.

Na kijana wetu, tingo, ameuliza la mwisho: pampu ikifa porini, je, tunaweza kufunga galoni juu ya paa na kuteremsha mpira mpaka kwenye kabureta? Nimeona ikifanyika na gari likatembea, sitakuficha. Kama kipimo cha dakika mbili, gari limesimama, inakwambia kwamba kabureta ni nzima na kosa liko nyuma yake. Lakini kusafiri hivyo, hapana. Ule mpira ukichomoka, galoni nzima inamwagikia ekzosi yenye moto, na dereva ataona miali mbele yake kabla hajakanyaga breki. Kama hamna njia nyingine ya kulitoa gari porini, tafuteni trekta au gari jingine liwavute. Na abiria wote wateremke kwanza.